Kiti Nilichompa Mtoto wa Nyumba

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia hata chai iliyo mdomoni hupoteza sukari. Nimeikalia miaka mingi. Ningeendelea kuikalia kama si jambo nililolisikia juzi nilipopita Malaba kukusalimu kazini kwako.

Mlikuwa mmesimama dirishani pa forodha, wewe na wenzako, mkipokea karatasi za madereva. Akaja yule mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma. Kabla hajafungua kinywa, mmoja wenu akasema, “Msomali huyo, karatasi zake zitakuwa za magendo tu. Mwacheni aive kwanza juani.” Wote wakacheka. Nawe ulicheka, mwanangu. Sikukwambia neno mbele za wenzako, maana mtu mzima hatandaziwi makosa yake kama nguo za mtumba. Nilikunywa soda yako, nikakushukuru, nikaondoka. Lakini njia nzima hadi Busia nilikuwa nikisikia kicheko changu mwenyewe cha zamani.

Sasa nisikilize.

Katika ujana wangu, hakuna mtu kati ya Tororo na ziwa aliyejua kabila za watu kama mimi. Sijisifu, naeleza tu. Nilikuwa nikisikia mtu akikohoa ng'ambo ya mto Sio, nakwambia ni Mteso, na kikohozi kimemwanza Jumanne. Nikiona kisigino tu nyuma ya mlango, nasema Mjapadhola huyo, mtoto wa tatu kwao. Nilikuwa nikichukua abiria kwa baiskeli mpakani, na kazi ile ilikufundisha kumsoma mtu angali mbali ili umwite kwa lugha ya kwao kabla mwenzako hajamwita. Msamia mwenzangu nampa “Mulembe”, Mteso nampa “Yoga”, nao wananipandia wakicheka. Nikajiona nina macho. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kumbe mwenye macho ndiye wa kuambiwa kwanza, maana kipofu hupapasa kabla hajasema.

Basi kwa sifa hizo, kila palipokuwa na msiba kijijini kwetu Lunyo niliwekwa langoni kupokea wageni. Nawe unajua mazishi yetu yalivyo: watu wanatoka pande zote mbili za mpaka, na kila mmoja ana mahali pake. Wageni wanapewa viti chini ya turubai. Wenyewe, yaani watoto wa nyumba na ndugu wa damu, hawapewi kiti. Wanakaa chini, kwenye mikeka na majani ya migomba, karibu na mlango wa nyumba. Mtoto aliyetoka mbali hajitambulishi langoni. Anaonekana, anashikwa mkono, watu wanalia naye, anapelekwa chini pale pale. Mkono ule ndio unaomwambia: wewe ni wetu.

Siku hiyo tulikuwa tunamzika mama mmoja aliyeitwa Taaka. Hakuwa na mume, alikuwa anaishi katika boma la marehemu baba yake pamoja na dada yake mkubwa, Mama Nabwire. Huyo Mama Nabwire ndiye aliyeniita asubuhi, macho yamemvimba, akaniambia, “Wandera, mtoto wa Taaka anaitwa Ajiambo. Aliondoka hapa akiwa na miaka sita, akachukuliwa Kisumu kwa watu wa baba yake. Hajarudi tena. Nimempelekea habari. Picha ya mama yake hana, na sura yake ameisahau. Anakuja amwone mara moja kabla hatujafunga jeneza. Akifika, umlete kwangu moja kwa moja.”

“Usijali, mama,” nikamjibu. “Mimi nitamtambua akiwa bado Kisumu.”

Nilikuwa namjua Taaka tangu utoto. Mweusi, mfupi, Msamia kamili. Nikaenda langoni kumngoja msichana mweusi, mfupi, Msamia kamili.

Walikuja wengi, nami niliwapanga kama mtu anayepanga sufuria. Karibu saa saba akashuka kwenye baiskeli mwanamke mweupe wa kama miaka ishirini na mitano, nywele ndefu zimelala mgongoni, leso nyeusi mabegani. Moyo wangu ukasema: Mhindi. Na moyo ukishasema, mwanangu, miguu haiulizi. Nikawaza ni mwenye duka la Tororo, mmoja wa Wahindi waliokuwa wameanza kurudi, labda Taaka alikuwa akinunua kwake. Nikaona heshima kubwa imetuangukia. Nikamwamkia kwa Kiswahili kile ambacho siku hizo tuliwawekea Wahindi, kana kwamba hawasikii vizuri.

“Karibu mama, karibu sana. Umetoka mbali?”

“Nimetoka Kisumu,” akasema taratibu, akinitazama machoni.

Kisumu! Neno lilipita sikioni likatokea upande wa pili bila kugusa kitu. Kisumu nako kuna Wahindi, nikasema moyoni, nikaendelea na kazi. Nikaenda kuchukua kiti kizuri kuliko vyote, kile chenye mto tulichoazima kwa katekista, nikakifuta vumbi kwa shati langu, nikakiweka mbele kabisa chini ya turubai. Nikamletea soda. Nikamfungulia kwa meno, kwa madaha, kama mtu afunguaye mlango wa ikulu. Yeye alikaa ameshika chupa ile kwa mikono miwili, hakuinywa. Alikuwa anatazama wanawake waliokaa chini.

Saa nane ikatangazwa kwamba wenyewe waingie ndani kuaga. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake: jeneza hufunguliwa ndani, ndugu wanamwona marehemu, kisha hupigwa misumari ndipo litoke nje. Nikasimama mlangoni kuzuia vurugu. Nikamwona mgeni wangu amenyanyuka, anakuja. Nikamwekea mkono mbele, kwa adabu zote za dunia.

“Hapana, mama. Huku ni kwa wenyewe.”

Akasimama. “Wenyewe ni nani?”

“Watoto wa nyumba, mama. Watu wa damu. Ndiyo mila yetu. Wewe kapumzike.”

Nilimtabasamia, Mungu anisamehe. Akageuka, akarudi kwenye kile kiti. Baada ya kitambo kidogo tukasikia nyundo.

Jeneza lilipotolewa, msemaji wa shughuli, kwa kuwa nilikuwa nimemnong'oneza, akasema kwa sauti kubwa, “Tunamshukuru pia dada yetu Mhindi aliyeacha duka lake kuja kutuliwaza. Asimame tumwone.” Akasimama. Watu wakageuza shingo, watoto wakamwonyesha kwa vidole. Kisha akaketi. Tulipokwenda kaburini na kurudi, kile kiti kilikuwa kitupu na soda iko chini yake, imejaa.

Mama Nabwire alinishika shati. “Ajiambo hakuja?”

“Hakuja, mama. Mimi nimeona kila mtu.”

“Hukuona msichana mweupe? Mwenye nywele ndefu?”

Mwanangu, nilihisi ardhi ya Lunyo yote, na mihogo yake, imenikalia kifuani.

“Kulikuwa na Mhindi mmoja...” nikaanza.

“Baba yake alikuwa mpima pamba pale Tororo,” akasema Mama Nabwire. “Wahindi walipofukuzwa nchini, akaondoka na mtoto. Kila mtu mzima hapa anajua, na hakuna anayesema, kwa sababu waliona ni aibu. Umemweka wapi?”

“Kwenye kiti.”

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaniuliza, “Leo asubuhi umechinja kuku wangapi wa wageni?”

“Saba, mama.”

“Wa rangi gani?”

“Weupe, weusi. Na wa madoadoa mmoja.”

“Huyo wa madoadoa, damu yake ilitoka na madoadoa?”

“Hapana, mama.”

“Nenda ukamtafute. Akikataa kurudi, usimlazimishe. Lakini uje uniambie kwa kinywa chako hicho hicho kilichomwambia huku ni kwa wenyewe.” Kumbe neno lile alikuwa amelisikia kutoka ndani, wala hakujua ninamwambia nani.

Nilipanda baiskeli. Toka Lunyo hadi Busia ni mwendo wa mtu kuanza safari ameshiba na kufika na njaa, lakini siku ile nilikimbia mpaka kivuli changu kikabaki nyuma kinaniita nikingoje. Nilimkuta mpakani, upande wetu. Watu walikuwa wanavuka kama kawaida ya pale, huyu na kuku, yule na gunia la makaa, wanamsalimu askari na kupita. Yeye peke yake alikuwa amewekwa kando ya kizuizi, na askari mmoja alikuwa amekishika kitambulisho chake akikigeuza huku na huku.

“Wewe nadanganya,” askari alikuwa akisema. “Hapa naandikwa Yasmin Ajiambo. Hii majina mbili haikai nyumba moja. Hii ya pili umeiba wapi?”

“Ni jina langu. Nilipewa na mama yangu.”

“Mama yako gani Msamia? Jitazame!”

“Afande,” nikasema, nikihema kama ng'ombe wa kulimia, “huyo ni mtoto wetu. Mama yake tumemzika leo Lunyo.”

Askari akanicheka. “Mtoto wenu? Kama ni mtoto wenu, kwa nini amekuja hapa peke yake, siku ya kuzika mama yake? Nyinyi hamna watu?”

Swali lile, mwanangu, lilikuwa la haki kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Watu walikuwa wamesimama, mama wa kuuza samaki amesimama na beseni lake kichwani, wapanda baiskeli wenzangu walionijua wote wapo. Ningeweza kubuni uongo. Nikasema, “Ni kosa langu, afande. Nilikuwa langoni. Nilimwona mweupe nikasema ni mgeni, nikamzuia mlangoni. Ameondoka kwa sababu yangu.”

Yule mama wa samaki akasema, “Uuu, kijana! Kwenye kilio cha mama yake?” Askari naye akakirudisha kile kitambulisho taratibu, kana kwamba kimekuwa kizito. Hakuomba radhi. Wala mimi sikumlaumu, maana maneno aliyoyasema yalikuwa yangu, tofauti ni kwamba mimi niliyasema kwa tabasamu na soda.

Ajiambo aliniuliza neno moja tu. “Jeneza limefunguliwa tena?”

“Hapana, dada. Tumeshazika.”

Alikaa chini pale pale kando ya barabara, kwenye vumbi, na leso yake nzuri. Hakulia kwa sauti. Nami nikakaa chini pia, mbali kidogo. Utaniuliza kwa nini hakusema pale langoni, “Mimi ni Ajiambo,” yakaisha. Nami nilimuuliza, kwa ujinga wangu.

“Mtu anajitambulishaje kwenye msiba wa mama yake?” akanijibu. “Kisumu, kwa watu wa baba, kila siku najieleza mimi ni nani. Nimejieleza tangu utoto mpaka nimechoka. Nikasema, kule nyumbani watanijua wenyewe. Uliponiletea kiti, nikasema labda ndio jibu lao.”

Nikamwambia anayemtaka hakumletea kiti. Anayemtaka ni dada ya mama yake, amekaa kwenye mkeka, na ameniambia nisimlazimishe mtu. Alibaki pale vumbini mpaka jua likashuka hadi usawa wa mapaa. Kisha akapanda nyuma ya baiskeli yangu, nasi tukarudi Lunyo, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizoendesha, hata ukihesabu ile ya kwenda Tororo na nguruwe wawili.

Giza lilikuwa linaingia tulipofika. Mama Nabwire alisikia baiskeli, akatoka. Alimtazama mara moja tu. Akamshika mkono, akapiga yowe kama maiti imeletwa saa ile ile, na wanawake waliokuwa wakiosha sufuria wakaziacha wakaja. Walimkalisha chini katikati yao. Wakamshika masikio wakisema ni ya Taaka, wakamshika vidole vya miguu wakasema ni vya Taaka. Asubuhi akaweka udongo wake kaburini. Lakini sura aliyokuja kuiona ilikuwa tayari iko chini, nami ndiye niliyemnyima. Hilo halikuwa na dawa. Watu watakwambia kila kosa lina marekebisho. Si kweli. Mengine yana msamaha tu.

Naye alinisamehe, na hilo lilinilemea zaidi ya tusi. Alikuja mara nyingi baadaye, msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna. Mara moja, tukipukuchua mahindi, akaniambia, “Wandera, wewe ulimjua mama. Hebu niambie alikuwaje usoni.”

Nilifungua kinywa kwa furaha, maana kusimulia sijawahi kushindwa. Nikasema, “Mama yako alikuwa mweusi, mfupi, Msamia...” Nikakwama. Nikatafuta lingine. Nilikuwa nimenunua karanga kwa yule mama ujana wangu wote, nimempakia kwa baiskeli, nimemsalimu mara elfu moja. Sikuweza kumwambia binti yake kama alikuwa na mwanya, kama akicheka macho yalifumba, kama alikuwa na kovu. Ajiambo alingoja, mahindi mkononi. Mimi, mjuzi wa visigino, sikuwa na kitu cha kumpa. Nilikuwa nimewapita watu wote wa dunia yangu nikisoma kibandiko na kuacha mzigo.

Hapo ndipo nilipojua, mwanangu, kwamba sikumkosea Ajiambo peke yake, wala sikuanza siku ile. Mtu akizoea kutazama kabila, hata wa kabila lake hamwoni.

Nami nimeonja sehemu yangu. Nikienda Nairobi naitwa Mganda. Nikienda Kampala naitwa Mkenya. Mara moja nilipotea mjini Mbale wakaniita Mkongo, nikajibu ndiyo ili yaishe. Ukubwani nilipoketi darasa la watu wazima, magoti yakigusa masikio kwenye dawati la watoto, nilisoma mengi, hata hesabu za sehemu, lakini hakuna ukurasa ulionifunza kama swali la yule askari.

Kwa hiyo nasema na wewe waziwazi. Ukiwekwa mlangoni pa watu, iwe lango la kilio au dirisha la karatasi, usimpange mtu kabla hujamsikia. Mwambie: “Karibu. Umekuja kwa nani?” Ni maneno manne tu, na kuuliza si ujinga. Moyo wako utakuwa umeshajibu kabla yake, najua, wangu bado unajibu hadi leo. Uache ujibu, lakini usiupe ufunguo. Usidhani pia kwamba ukitenda kwa upole umeshapona, maana nilimvunja mtu moyo huku nikimfutia kiti vumbi. Wenzako wakimcheka mtu kwa sura yake, huna haja ya kuwahubiria, lakini usiwaongezee kicheko chako. Na ukikosea, kiri mbele ya wale wale waliokuona ukikosea, usikiri chumbani. Zaidi ya yote, wale uliozoea kuwaona kila siku, anza kuwatazama leo, maana siku moja mtoto wao anaweza kuja kukuuliza walikuwaje.

Mungu aliyetufinyanga kwa udongo wa rangi nyingi akulinde, mwanangu. Akupe ulimi usiotangulia sikio. Popote utakapofika bila kujulikana, upande huu au ule, akukutanishe na mtu mwenye subira ya kukuuliza jina na kungoja jibu. Amina, na uwe na amani.